Ushahidi wa Jirani: Jinsi Jamii Zinavyokumbuka na Kufundisha Mauaji ya Kimbari

Mhadhara wa wazi uliotolewa Chato mbele ya walimu wa historia, viongozi wa dini, wazee, wavuvi na wanafunzi wa sekondari

  

 Mada niliyopewa ni nzito, na mwenyekiti ameniomba nikumbuke kwamba wamo watoto ukumbini. Nitachunga maneno yangu, ila ukweli wenyewe sitaupunguza, kwa maana mwaka 1994 watoto wa umri wao waliuawa na wengine wa umri wao walishikishwa mapanga.

Shabaha yangu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba sisi wa kanda hii ya ziwa hatuwezi kuyafundisha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kama habari ya nchi za mbali. Tulikuwa mashahidi, na shahidi ana wajibu ambao haufanani na wa manusura wala wa mtenda kosa. Nitapita Rwanda, Burundi, Songea na Uganda, kisha nitarudi hapa Chato.

Tuanze na ramani. Mto Nyabarongo unashuka kutoka milima ya Rwanda. Mto Ruvubu unatoka Burundi, unapita Ngara. Mito hiyo inakutana jirani na maporomoko ya Rusumo, na kuanzia hapo maji yanakwenda kwa jina la Kagera mpaka Ziwa Victoria, ziwa hili tunalovua. Novemba 1992, mwanasiasa mmoja wa Rwanda, Léon Mugesera, alisema hadharani kwamba Watutsi watarudishwa kwao kwa njia ya Nyabarongo. Mwaka mmoja na nusu baadaye ndivyo ilivyofanyika. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016. Vijana mnaoandika, iwekeni tarehe ile ya 1992 kwenye daftari, kwa sababu watu hupenda kusema kwamba mauaji yale yalizuka ghafla, kwa hasira ya usiku mmoja.

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Alikuwa anatoka Dar es Salaam, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi. Katika siku 100 zilizofuata waliuawa watu zaidi ya 800,000 kwa hesabu inayotajwa sana na Umoja wa Mataifa, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya Rwanda yenyewe. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakaingia Ngara na kupiga kambi Benaco. Wakati huo Chato ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Wilaya yetu wenyewe tumeipata mwaka 2005, na Mkoa wa Geita ukaja mwaka 2012. Mnaweza kusema, basi, kwamba wimbi lile liliingia mkoani kwetu. Juu ya daraja la Rusumo walipita walio hai na magodoro vichwani, na chini yake miili ilikuwa inaporomoka na maji.

Hoja yangu ya kwanza: kumbukumbu isiyomtaja aliyetenda haifundishi.

Waliovuka Rusumo siku zile hawakuwa watu wa namna moja. Wengi walikuwa wakulima walioikimbia vita. Lakini kati yao alikuwamo Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa wilaya ya Rusumo upande wa Rwanda. Katikati ya Aprili, maelfu ya Watutsi walikimbilia parokia ya Nyarubuye, mahali ambapo mtu angeweza kufika kwa miguu akitokea mpaka wetu. Waliuawa kanisani na katika majengo yanayolizunguka. Gacumbitsi aliongoza mashambulizi yale, kisha akavuka mto pamoja na watu wake, akaishi Benaco kama kiongozi wa wakimbizi. Alikamatwa mwaka 2001 mkoani Kigoma, katika kambi nyingine. Mahakama ya Arusha ilimhukumu miaka 30 mwaka 2004, na rufaa ya mwaka 2006 ikaifanya adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha.

Mtu huyu alikunywa maji yetu na kugawiwa mahindi ya msaada kwenye ardhi yetu. Tukiwaambia wanafunzi kwamba Tanzania ilipokea wakimbizi, tukaishia hapo, tumesema kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba katika kambi zetu muuaji na mjane walipanga foleni moja, na mara nyingi muuaji ndiye aliyeshika orodha ya foleni. Tena ukarimu wetu wenyewe ulifika mwisho: Machi 1995 tulifunga mpaka na Burundi, na Desemba 1996 Wanyarwanda karibu nusu milioni walirudishwa, wengi bila hiari yao. Hilo nalo lifundishwe, maana ni letu.

Mahakama ile ya Arusha, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliundwa Novemba 1994 na kukaa Arusha hadi mwisho wa mwaka 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, mkuu wa wilaya ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Hukumu hiyo pia ndiyo iliyotamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la kimbari, baada ya wanawake wa Taba kusafiri mpaka Arusha na kueleza yaliyowapata. Sasa nasema na walimu. Akayesu alikuwa mwalimu, na baadaye mkaguzi wa shule. Alisahihisha madaftari kama tunavyosahihisha sisi. Kesi yake ilisikilizwa katika nchi yetu, kwa saa moja na yetu, na nina hakika wapo humu waliohitimu shahada ya ualimu bila kulisikia jina lake hata mara moja.

Hoja ya pili inahusu Rwanda yenyewe na shule zake. Nitakaa hapa kidogo.

Kabla ya 1994, darasa la Rwanda lilikuwa mahali pa kuhesabiana. Mwalimu aliwaamuru Wahutu wasimame, kisha Watutsi, kisha Watwa. Manusura wengi wamesimulia kwamba walilijua kabila lao siku ile darasani, pale waliposimama na kundi lisilo lao, wakachekwa, wakaenda nyumbani kumuuliza mama. Vitambulisho vya kabila vililetwa na Wabelgiji miaka ya 1930, na ndivyo vilivyodaiwa kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994. Baada ya mauaji, serikali mpya iliondoa kabila kwenye vitambulisho na kusimamisha ufundishaji wa historia ya nchi kwa miaka mingi, kwa sababu vitabu vilivyokuwapo vilikuwa sehemu ya ugonjwa. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2016 umeyaingiza mauaji ya kimbari waziwazi.

Nje ya darasa, Rwanda imechagua kuonyesha. Kila tarehe 7 Aprili inaanza Kwibuka, na maombolezo yanaendelea hadi Julai. Gisozi, Kigali, wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Kanisa la Nyamata limeachwa lilivyokuwa: nguo za waliouawa zimelundikwa juu ya mabenchi, zimechakaa na kushika rangi ya udongo, na ukiinua macho unaona mwanga wa jua ukipenya matundu ya risasi kwenye mabati. Murambi palikuwa na shule ya ufundi iliyokuwa haijakamilika kujengwa. Watu waliambiwa wakimbilie huko watalindwa. Leo miili iliyohifadhiwa kwa chokaa imelazwa katika vyumba vilivyokusudiwa kuwa madarasa. Septemba 2023 UNESCO iliingiza Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero katika Urithi wa Dunia.

Halafu kulikuwa na gacaca. Mahakama zipatazo 12,000, majaji wakiwa watu wa kijiji wanaoaminika, vikao kwenye majani chini ya mti, na kesi karibu milioni mbili hadi zilipofungwa Juni 2012. Mama aliweza kuuliza mbele ya majirani: mwanangu mlimtupa wapi? Wengi walipata jibu, wakafukua, wakazika. Wapo walioshuhudia uongo. Wapo waliosingiziwa kwa ajili ya shamba. Pamoja na hayo, sijui jamii nyingine iliyowahi kuwaweka wakulima wake wote kwenye kiti cha ushahidi, na naona ni jambo la kuheshimiwa.

Lakini niseme pia ninachokiona ni upungufu. Rwanda ina sheria kali dhidi ya itikadi ya kimbari, na sababu yake naielewa: ni nchi iliyosikia redio RTLM ikitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Hata hivyo, yupo mkulima Mhutu ambaye wazazi wake walifia misituni Kongo mwaka 1996 au 1997, na hana siku ya kuwalilia hadharani. Kumruhusu alie hakupunguzi hata chembe ya ukweli wa 1994. Kumnyamazisha kunamwacha akamsimulie mwanawe gizani, na simulizi za gizani hazisahihishwi na mtu.

Hoja ya tatu nimeichukua Burundi, ambako gizani ndiko simulizi zilikokulia.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi na Watutsi wakauawa. Serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa kuwasaka Wahutu, hasa wenye elimu. Malori ya jeshi yaliingia shuleni yakabeba walimu na wanafunzi. Makadirio yanaanzia watu 100,000 na kufika 300,000. Waliookoka ndio waliojaza makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na bila shaka humu wamo waliosoma na watoto wao Tabora au Mpanda. Nyumbani kwao ikawa marufuku kuomboleza. Hapakuwa na kaburi wala ibada, na kitabu cha shule hakikugusa habari hiyo.

Je, wakasahau? Hapana. Oktoba 1993, Rais Ndadaye alipouawa, wanafunzi Watutsi wa Kibimba walifungiwa katika kituo cha mafuta na kuchomwa moto. Leo Kibimba kuna mnara wao. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki kando ya Ruvubu, mkoani Karusi, ikapata mabaki ya watu zaidi ya 6,000, na mwishoni mwa 2021 ikatamka kwamba ya 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Mrundi mmoja anawasha mshumaa Aprili, mwenzake Oktoba, na ni wachache wanaohudhuria kilio cha upande wa pili. Ninawaomba walimu walisimamie jambo hili darasani: Rwanda ilipewa tarehe moja na hukumu za mahakama, Burundi iliachiwa tarehe mbili na kimya cha miaka karibu 50. Mwanafunzi atakayeilinganisha mito hii miwili inayokutana Rusumo atajifunza zaidi kuliko atakayekariri idadi za waliokufa.

Hoja ya nne nitaipita haraka, ingawa ni yetu kabisa: Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi 67 wa Wangoni, na kila mwaka siku hiyo Songea inakumbuka. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama pale akaomba msamaha. Shuleni tunafundisha Maji Maji kwa Kinjeketile na risasi. Tunasahau kwamba wengi katika wale wanaokadiriwa kati ya 75,000 na 300,000 waliuawa na njaa, na njaa ile ilipangwa: utawala wa Gavana von Götzen ulichoma mashamba na maghala makusudi. Ujerumani na kwingineko Ulaya yamepachikwa mawe madogo ya shaba zaidi ya 100,000 mbele ya milango ya watu walioangamizwa na Manazi, kila jiwe na jina, mwaka wa kuzaliwa na mahali mtu alipopelekwa. Mtoto anayekwenda dukani anayasoma. Kwa Wangoni, Wamatumbi na Wapogoro hakuna jiwe mlangoni kwa mtu, na kwa Waherero na Wanama wa Namibia, waliouawa kati ya 1904 na 1908, ilifika Mei 2021 ndipo Ujerumani ikatamka kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Taifa linaweza kuwa mwalimu bora wa kosa moja na mwanafunzi mzito wa lingine.

Hoja ya tano ni ya mashahidi, nayo ndiyo iliyonileta Chato.

Kagera inaingia ziwani upande wa Uganda, jirani na Kasensero. Miezi ya Mei na Juni 1994, wavuvi wa Rakai, Masaka na Mpigi waliamka wakakuta miili ufukweni na kwenye nyavu. Mingine imefungwa mikono, mingine ya mama na mtoto pamoja. Samaki wakakosa wanunuzi, familia za wavuvi zikalala njaa, na bado wavuvi hao walishuka majini wakaitoa miili, wakaizika. Leo kuna makaburi ya kumbukumbu Kasensero, Lambu na Ggolo, wakiwa wamezikwa humo watu karibu 11,000, na kila Aprili Wanyarwanda na Waganda hukusanyika pale. Wavuvi wale hawakuwa na undugu wa damu na marehemu. Walijua tu kwamba maiti haiachwi majini. (Naona wazee wanatikisa vichwa. Naam, ninyi mnaijua sheria hiyo kuliko mimi.)

Upande wetu wa ziwa hatuna hata kibao. Tunao watu. Waliokuwa na miaka 20 mwaka ule sasa wamepita 50, na waliokuwa na 40 tunawazika. Kuna waliokataa samaki mezani, waliobeba mahindi ya msaada kwa lori kutoka Isaka, wauguzi na polisi waliopelekwa Ngara, wakulima waliochukua vibarua wasiojulikana walikotoka. Ushahidi huu haujaandikwa.

Wapo watakaoniuliza, mwalimu, ya Rwanda yanatuhusu nini sisi Wasukuma, Wazinza na Wasubi tunaokaa kwa amani? Nawajibu kwa mambo ya hapahapa. Shinyanga na Geita zimewazika bibi vizee waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi. Zimewazika watoto wenye ualbino. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe, na ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Hayo hayakuwa mauaji ya kimbari, na nisingependa mtu atoke hapa akisema nimeyaita hivyo. Hapakuwa na dola iliyopanga kufuta kundi zima. Ila hatua za mwanzo ni zilezile: uvumi unapewa nguvu ya ushahidi, mtu anavuliwa ubinadamu kwa jina la kejeli, mwenye faida analipa, majirani wanafunga milango.

Sengerema kuna sanamu ya chuma: baba amembeba begani mtoto mwenye ualbino, mama anamvika kofia ya kukinga jua, na majina ya waliouawa yameandikwa pale. Kwangu mimi ni miongoni mwa kumbukumbu bora katika ukanda huu, kwa sababu inamwonyesha mtoto akipendwa. Walimu, pelekeni wanafunzi.

Na mkiwa darasani, wasimulieni habari za Zura Karuhimbi wa Ruhango, Rwanda. Alikuwa bibi kizee, mganga wa miti shamba, na watu walimwogopa wakidhani ni mchawi. Mwaka 1994 aliwaficha watu zaidi ya 100 katika nyumba yake ndogo, wengine darini, wengine chini ya kitanda. Wauaji walipokuja alikuwa amepaka kuta majani yanayowasha ngozi, aliyegusa akajikuna. Akatikisa bangili zake na kuwaambia mizimu itawamaliza wakithubutu kuingia. Wakaondoka. Rwanda ilimpa nishani mwaka 2006, naye akafariki Desemba 2018. Fikirini mwanamke wa namna ile angekuwa anaishi katika baadhi ya vijiji vyetu miaka ile. Angefika siku ya kuwaokoa wenzake? Swali hilo mwanafunzi wa kidato cha pili analielewa vizuri, na atalichukua nyumbani kwa bibi yake.

Sasa niseme ninachoomba kifanyike. Tarehe 7 Aprili kwetu ni Siku ya Karume na shule zimefungwa. Kwa hiyo somo lifanyike siku ya kwanza ya masomo inayofuata, na likizo yenyewe itumike kuwasikiliza wazee. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lina nafasi ya kutosha kwa jambo lililopita mkoani kwetu. Kila shule ya kata iteue wanafunzi wanne na mwalimu mmoja, waanze na Nyamirembe, Muganza na Kasenda: wamuulize mzee alikuwa wapi Aprili na Mei 1994, aliona nini, alifanya nini, na nini hakukifanya. Wamrekodi kwa simu, waandike kwa maneno yake, wamsomee aridhie kabla ya kuhifadhi. Nakala moja ibaki shuleni, ya pili iende maktaba ya wilaya, ya tatu tuiombee nafasi Arusha, ambako kumbukumbu za mahakama zimetunzwa. Anayesimulia asilazimishwe, na asiyetaka jina lake liandikwe, lisiandikwe. Mwaka unaofuata, wanafunzi hao wavuke Rusumo, wafike Nyarubuye, wawapelekee walimu wenzetu wa Kirehe tuliyoyakusanya na waulize upande wa pili wa mto unakumbuka nini kuhusu sisi.

Karatasi ya kujiandikisha iko mezani kwa katibu, pale mlangoni. Walimu wa historia naomba msiondoke. Tutagawana mialo jioni hii hii. Wazee mlio tayari kuanza, tunao vijana wawili wenye vinasa sauti chumba cha pili, na chai ipo.